Kilo Kumi na Moja kwa Figo Moja

Jumatatu, 14 Agosti

Uzito: kilo 107 nukta nne. Nimepanda mzani mara tatu, mara ya mwisho bila hata soksi. Mzani wa hospitali hauna utani.

Sini — ndiye muuguzi anayesimamia watu wanaotoa figo, binti mwembamba kama mpini wa brashi yangu — kaniambia mambo mawili. La kwanza: vipimo vimekubali. Figo yangu inamfaa Tuovi. Nilitaka kumnyanyua na kiti chake. La pili: hakuna daktari atakayenipasua nikiwa na tumbo hili. Nishuke hadi tisini na sita. Tarehe ishirini Oktoba napimwa tena. Kilo kumi na moja tu, anasema, kama anayeagiza viazi sokoni. Na kidonge chochote nitakachotaka kumeza, hata cha kichwa, nimuulize yeye kwanza.

Kanipa fomu ya kuandika kila ninachokula. Fomu nitaijaza kwa mwandiko wa Jumapili. Daftari hili ni langu mwenyewe, humu nasema kweli. Linakaa mfuko wa kifuani wa ovaroli, pamoja na penseli. Ndiyo maana kurasa zina vidole vyeusi. Mfagia dohani hana karatasi nyeupe.

Tuovi ni mdogo wangu, ndugu pekee niliyebakiwa naye. Figo zake zinafanya kazi asilimia kumi na moja. Mumewe ana kisukari, binti yake ana mimba. Nimebaki mimi. Asipopata figo mpya, kabla ya Krismasi anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu — mara tatu kwa wiki, kilomita themanini kwenda, themanini kurudi, na ng'ombe ishirini na wawili nyumbani wanamlilia.

Nilimwambia Sini kwamba mimi nimevuka Ghuba ya Biscay nikiwa baharia juu ya meli ya kubeba mbao, wimbi likiwa refu kuliko kanisa, mpishi akimlilia mama yake, na mimi ninakaanga mayai. Kilo kumi na moja ni nini? Sini akavuta karatasi. Aliandika.

Jumatano, 16 Agosti

Leo nilikuwa kwa Marjukka, yule aliyekuwa msusi wa nywele. Siku hizi ameacha mikasi, anauza vitu vya afya, ameweka meza ukumbini kama duka. Niliposhuka paani akaniuliza, fundi, mbona unahema? Nikamweleza habari za figo. Akashika kifua. Akasema mbona dawa ninayo mkononi. Kahawa! Kahawa inayeyusha mafuta, kaona kwenye simu yake, wataalamu wamethibitisha.

Habari za kahawa mimi nisimuliwe na nani? Nimekaa siku sita bandari ya Santos tukipakia magunia. Vumbi la kahawa lilinikaa puani mpaka Hamburg. Katika wilaya yetu nzima hakuna mtu aliyeinusa ikiwa mbichi ila mimi.

Lakini nikiwa paa la nyumba iliyofuata swali likanijia, likagoma kutoka. Kama kahawa inayeyusha mafuta, kwa nini sisi si wembamba? Watu wa hapa wanakunywa kahawa kuliko ng'ombe anavyokunywa maji. Mtazame mchungaji. Nitazame mimi.

Nimeamua: nitafanya utafiti. Mambo ya kisayansi, kwa tarehe na kilo. Nimemwambia mke wangu. Eine akasema utafiti unataka mtu anayeweza kunyamaza dakika mbili.

Ijumaa, 18 Agosti

Vikombe kumi na vinne. Vyeusi, bila maziwa, bila sukari. Mkono unatetemeka, nimeandika "nyumba" mara mbili nikafuta. Lakini kazi inakwenda! Dohani tisa kabla ya saa nane mchana. Kwenye nyumba ya mwisho nilipanda ngazi nikiimba.

Njaa? Kweli, saa moja baada ya kikombe huisikii. Baadaye inarudi na wenzake.

Jumatatu, 21 Agosti

108 nukta mbili. Imepanda!

Nikasema mzani mbovu. Eine akapanda yeye: uzito wake ule ule wa tangu harusi. Mzani mzima.

Akaniuliza swali moja tu, amesimama na taulo mkononi. Hizo kahawa kumi na nne, uliletewa pamoja na nini?

Nikanyamaza. Dakika mbili kamili zilipita, namna ile aliyosema siwezi.

Kahawa katika nchi hii haitembei peke yake. Mfagia dohani anakuja mara moja kwa mwaka, mama mwenye nyumba ameoka tangu asubuhi. Andazi la iliki, moto, siagi juu. Ukila moja unasukumiwa la pili, kwa sababu la kwanza ulikula kwa heshima na la pili ni la utamu. Nyumba tisa. Nimekaa nimepiga hesabu: siku ya Ijumaa nilikula maandazi kumi na moja, na keki ya raspberi ambayo sikuiandika popote kwa sababu nilikula nimesimama.

Nilikuwa nachunguza kahawa na huku nameza duka la mikate. Maprofesa wangapi wamefanya kosa hili? Naamini wengi.

Jumanne, 22 Agosti

Leo nimekataa andazi. Mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja ya kazi.

Ilikuwa kwa bibi Lempi, miaka themanini na nane, mjane. Nilisema asante, leo kahawa tu. Akaniangalia. Akauliza kama mwaka jana yalikuwa makavu. Nikasema hapana bibi, yalikuwa mazuri. Akauliza kama nimekasirika kwa sababu ya ngazi yake mbovu. Hapana bibi. Akaketi. Akauliza polepole kama ni saratani.

Nikamwambia kweli yote, Tuovi, figo, kilo kumi na moja. Macho yakamlowa. Akasema basi hilo ni jambo kubwa, nimefanya vizuri kumwambia. Kisha akafunga maandazi sita kwenye karatasi, akanitilia mfukoni: ya kula baada ya upasuaji.

Yamo kwenye friza. Eine amebandika jina na tarehe.

Jumapili, 3 Septemba

105. Kahawa vikombe kumi kila siku, maandazi sifuri. Wilaya nzima imeshajua. Bibi Lempi ana simu na anaitumia. Sasa nikifika mahali naletewa kikombe na tango.

Je, ni kahawa au ni kukosa andazi? Hilo ndilo swali la mtu msomi. Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini kichwa hakikuachia hapo. Wiki iliyopita nilishuka kilo moja na kahawa. Wiki ijayo chakula kile kile, kazi ile ile, bila kahawa hata tone.

Eine ameniomba nilale chumba cha sauna wiki hiyo.

Jumanne, 5 Septemba

Kichwa! Kuna mtu ndani na shoka.

Jumapili, 10 Septemba

104 nukta moja. Nimeshuka gramu mia tisa bila kahawa. Na kahawa ilikuwa kilo moja kamili. Tofauti ni gramu mia — huo ni uzito wa soksi zangu zikilowa.

Basi matokeo ya utafiti wa Taisto Karvonen, mfagia dohani: kahawa inachelewesha njaa kidogo, inakukimbiza ngazini, inakupeleka chooni. Mwili ukiizoea, umeizoea. Na sisi hapa tunaanza kuizoea kabla ya kubatizwa. Mafuta ninayo yale yale. Kinachopunguza ni andazi lisiloliwa.

Nilimpigia Marjukka kumweleza. Nilidhani atafurahi, sayansi ni sayansi. Akasema kahawa peke yake haitoshi ndiyo maana, njoo nikuonyeshe kitu.

Nimekunywa vikombe vinne mfululizo. Nimerudi kitandani kwa Eine. Dunia imekaa sawa.

Alhamisi, 14 Septemba

Nilipita kwa Tuovi. Miguu imevimba, amevaa viatu vya mumewe. Rangi yake kama unga wa ngano. Lakini ulimi uko vilevile. Kaniona tu akasema, kaka, hilo tumbo ulilisahau wapi, au limetangulia ndani?

Yeye kahawa anapewa nusu kikombe kwa siku, madaktari wameagiza. Anaikalia saa nzima. Anailamba kama paka. Na mimi nilikuwa namsimulia habari za vikombe kumi na vinne kwa majivuno! Nikaona haya, nikakatisha hadithi katikati. Akasema endelea, napenda kusikia, ni kama kusikia habari za mtu aliyesafiri.

Tulikwenda zizini pamoja. Alikamua, nikabeba ndoo. Aliketi mara tatu kupumzika. Ng'ombe mmoja, Mansikki, alimngoja akiwa ametulia kabisa, hata mkia hakutikisa. Nikajifanya natafuta kitu huko nyuma.

Akaniambia nisijiue kwa ajili yake. Nikamwambia mimi nina figo mbili tangu nizaliwe na ya pili sijawahi kuisikia ikifanya kazi, bora aiajiri yeye.

Jumatano, 20 Septemba

103 nukta nane. Siku kumi, gramu mia tatu. Imegoma.

Nakula kabeji. Nakula samaki wa kuchemsha asiye na ladha hata ya ziwa alikotoka. Natembea kwenda kazini. Na mzani unanitazama tu. Mwezi mmoja umebaki na kilo karibu nane. Sini kwenye simu anasema ni kawaida mwili kusimama, tuongeze kutembea, na tusipofika tarehe ishirini tutasogeza mbele. Kusogeza mbele ni rahisi kusema ukiwa na miguu isiyovimba.

Nimesimama kwa Marjukka nikirudi. Kopo la kijani, vidonge vya chai ya kijani, ile nguvu ya chai imekamuliwa ikakusanywa. Yeye mwenyewe alishuka kilo tano. Akasema fundi, wewe ni mtu mzuri, lichukue bure, kwa ajili ya dada yako. Alikuwa anasema kweli. Marjukka si mwizi, anaamini kila anachouza.

Sini alisema nimuulize kwanza kabla ya kidonge chochote. Lakini hii si dawa. Ni chai. Nani anaomba ruhusa ya kunywa chai?

Eine akataka kusoma maandishi ya kopo. Yako kwa Kijerumani. Nikamwambia Kijerumani niachie mimi, nimekaa Hamburg miaka miwili. (Humu nasema kweli: Kijerumani changu ni cha kuagiza bia na kutukanana na makuli. Lakini tarakimu ni tarakimu. Limeandikwa mbili kwa siku.)

Jumatatu, 25 Septemba

Vidonge viwili havifanyi lolote. Nimefikiri: viwili ni vya mtu wa kadiri ya Marjukka. Mimi ni Marjukka mbili na mguu. Natumia vitano. Asubuhi viwili, mchana viwili, jioni kimoja, kabla ya chakula.

Jumatatu, 2 Oktoba

100 nukta mbili!!

Mambo yamejibu. Njaa imekufa. Eine ameweka supu ya uyoga mbele yangu, ile niliyomwolea, na nimeisukuma. Amenitazama kama mtu aliyeona farasi anaongea.

Marjukka nimempigia, amelia kwenye simu. Anataka kuandika habari yangu pale mezani kwake. Nikasema andika, weka na picha, nitasimama upande.

Jumatatu, 9 Oktoba

98 nukta tatu. Ovaroli inanizunguka kama pazia.

Mdadisi haishii kwenye furaha, basi naandika na mengine. Nimechoka. Leo nilipumzika katikati ya ngazi, jambo ambalo sijafanya hata nilipovunjika ubavu. Ngozi inawasha, viganja na nyayo hasa. Harufu ya nyama inanichefua. Mkojo umekuwa wa rangi ya chai nzito. Nadhani ndiyo mafuta yanatoka. Lazima yatokee mahali.

Eine anasema nina rangi ya mshumaa. Nimemwambia ni mwanga wa vuli.

Jumapili, 15 Oktoba

96 nukta saba. Leo sikula. Si kwa kujizuia. Sikuweza.

Ijumaa, 20 Oktoba

TISINI NA TANO NUKTA SITA!

Nilisimama juu ya mzani na soksi zangu zote mbili, kwa dharau. Sini alipiga makofi. Alimwita hata daktari aje aone. Mimi nikawaambia wakitaka tisini kamili waseme tu, nina nafasi ya wiki mbili. Wakachukua damu, chupa sita ndogo.

Kwenye fomu ya leo kuna mstari: dawa na virutubisho unavyotumia. Sini akauliza huku anaandika, hakuna vidonge vyovyote, mzee Taisto? Nikasema kahawa tu, binti yangu. Akacheka, akaandika "hakuna", nikatia sahihi. Chai haina mstari wake kwenye fomu ile.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Tuovi, sikupiga hata simu. Nilimkuta zizini. Nilimwambia namba tu: tisini na tano nukta sita. Aliweka ndoo chini. Alinishika shingo kwa mikono yote miwili, ina harufu ya maziwa, na hakusema utani wowote. Yeye! Tulisimama hivyo mpaka ng'ombe wakaanza kulalamika.

Upasuaji unaweza kuwa katikati ya Novemba.

Jumanne, 24 Oktoba

Sini alipiga saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye ngazi, kwa mwalimu mstaafu.

Ini. Damu inaonyesha ini langu limekasirika, vipimo viko mara nane ya vinavyotakiwa. Akauliza pombe. Nikasema bia mbili kwa mwezi, muulize Eine. Akauliza uyoga wa porini. Nikasema mimi uyoga naujua kuliko mama yake. Akauliza tena, kwa upole, kuna kidonge chochote, mitishamba, unga wowote wa kupunguza uzito?

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini. Lile hapana lilitoka kabla yangu. Nilishatia sahihi siku ya Ijumaa. Nilimwona Tuovi na ndoo yake chini. Nikaona wakisema huyu mzee ni mwongo, mwongo hafai kupasuliwa, futa jina.

Nikasikia Sini anaandika. Kisha akaeleza. Kila kitu kimesimamishwa. Kama hakuna sababu inayojulikana basi huenda kuna ugonjwa umejificha, itabidi wautafute: picha, damu nyingine, pengine kuchukua kipande cha ini kwa sindano. Miezi. Na mtu mwenye ugonjwa wa ini hatoi figo, sasa wala baadaye. Wiki ijayo wataalamu wanakaa, jina langu litazungumzwa. Nikikumbuka chochote nimpigie kabla ya hapo.

Nimeacha vidonge. Kopo liko chini ya kiti cha gari. Lilikuwa karibu kwisha.

Jumatano, 25 Oktoba

Eine amelipata kopo. Hakugomba. Alivaa miwani, akaketi na kamusi ya Kijerumani ya shule ya mtoto wetu, neno kwa neno, saa nzima. Kisha akanisomea. Kisizidi kiasi kilichotajwa. Kisitumiwe na mwenye tumbo tupu. Rangi ya mkojo ikibadilika au ngozi ikiwasha, acha mara moja, mwone daktari, ini linaweza kudhurika.

Yote yaliandikwa pale. Dalili zangu zote, kwa mpangilio, kama mtu aliyenichungulia dirishani.

Na nimeuelewa utafiti wangu hadi mwisho. Vidonge havikuyeyusha mafuta. Viliniumiza ini, ini likaninyima hamu ya kula, nikashuka kilo kama anavyoshuka mgonjwa yeyote. Ningemeza chochote chenye sumu ningepata matokeo yale yale. Nilikuwa nasherehekea homa.

Nikamuuliza Eine, nikisema itakuwaje? Akasema hajui. Nikauliza, nisiposema? Akavua miwani.

"Usiposema, mume wangu, watatafuta mpaka wapate kitu, au wasipate na wakuache. Na Tuovi anangoja figo bila kujua kuwa huenda haiji."

Tumekaa. Amesema Marjukka naye lazima aambiwe, leo hii, kabla hajampa mtu mwingine. Hilo nimelifanya. Akauliza kwanza kama niko hai. Jioni jirani yake ananiambia meza haipo ukumbini.

Lakini kumpigia Sini — nilibonyeza namba mara tatu nikakata.

Ijumaa, 27 Oktoba

Niko juu ya paa la Tuovi. Saa tano na nusu asubuhi, upepo, theluji nyembamba kama unga unaopepetwa. Dohani yake haiguswi na mtu mwingine ila mimi, kila vuli. Nimekuja na brashi. Lakini sikuja kwa ajili ya brashi.

Chini nilishindwa. Begi lake la hospitali liko tayari mlangoni. Ndala mpya juu yake, za sufu, kijani. Aliniuliza kama wanaruhusu mtu aje na mto wake mwenyewe. Nikasema ngoja nipande kabla theluji haijakaa.

Nimepiga brashi mara mbili. Nikasimama. Nikasikia huko chini anafungua kile kimlango kilicho chini ya dohani, cha kutolea masizi, aangalie ndoo. Sauti yake ikapanda na bomba, karibu kabisa, kama yuko ndani ya koti langu.

"Taisto, mbona kimya? Wewe hata usingizini hunyamazi."

Nikainama nikaingiza kichwa kwenye tundu. Giza tupu, harufu ya masizi ya maisha yangu yote. Nikayaambia masizi.

"Nilikula vidonge, Tuovi. Vya kupunguza uzito. Vitano kwa siku, mwezi mzima. Ini limeharibika, wamesimamisha kila kitu. Na nimewaambia sikula chochote. Mara mbili nimewaambia. Moja nimetia sahihi."

Nilisikia upepo na ndoo.

"Ini linauma?"

Hilo ndilo aliloanza nalo. Ini langu.

"Haliumi. Ngozi inawasha tu."

"Umeacha?"

"Tangu Jumanne."

Nikamsikia anavuta pumzi, ile ndefu anayovuta kabla ya kuinuka kitini siku hizi.

"Sikiliza kaka. Mimi mashine naiogopa, sitakudanganya. Usiku na mchana naiogopa. Lakini nikiwekwa kwenye mashine nikijua nangoja nini, nitavumilia. Nikiwekwa huku wewe unapekuliwa ugonjwa usio nao, hiyo sitakusamehe. Mpigie huyo binti."

Nikasema nateremka, nitapiga nikiwa ndani, nikinywa kitu cha moto.

"Hapana. Piga huko huko juu, nisikie kila neno. Ukiteremka utaanza mambo ya Hamburg."

Nimepiga. Nimeweka simu juu ya ukingo wa dohani, spika imefunguliwa. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa hospitalini imesema mimi ni wa tano kwenye foleni. Wameweka muziki, kinanda, na muziki unashuka kwenye bomba mpaka jikoni kwake. Nimetoa daftari kwa sababu mikono haina kazi na ulimi nao, ajabu, hauna.

Sijui nitaanzaje. Nimejaribu sentensi nne, zote zinaanza na mzaha. Nimezikata.

Theluji inaloweka karatasi.

Ameuliza wa ngapi. Nimesema wa tatu. Nimesikia anaburuta kiti kukisogeza jikoni, karibu na kimlango. Hajakifunga.

Wa pili. Penseli imebaki kipande.

Ameniuliza tena. Nimemwambia bado, wa pili. Akasema haya.

Wa kwanza. Muziki umekatika, Sini amepokea — na huko chini hata kiti hakilii.